Ini, njaa na sukari ya damu: mwongozo kamili wa kula kwa fahirisi ya glaisemia

"Jana usiku sikula kitu, nimelala na maji tu, mbona asubuhi kipimo kinasoma 8.6?" Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya kisukari, swali hili hutalikosa. (Namba za kipimo cha sukari humu zote ni milimoli kwa lita, mmol/L.) Jibu lake halipo tumboni, lipo kwenye ini. Ukishajua ini linafanya nini usiku na mchana, zile orodha za vyakula "vizuri" na "vibaya" zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp utaanza kuzitazama kwa jicho jingine.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayekula chakula cha kwetu: ugali, wali, chapati, mihogo, maharage. Utamfaa aliyeambiwa ini lake lina mafuta, mwenye sukari inayoanza kupanda, na yule anayeshiba mchana lakini ikifika saa kumi anatafuta mandazi. Anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kisukari vya glibenclamide aanze na sehemu ya dawa, kule mwishoni, kabla hajabadili chochote.

Namba inapima nini

Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walichapisha kipimo walichokiita fahirisi ya glaisemia, ambacho wataalamu hukifupisha GI. Watu hupewa chakula chenye gramu 50 za wanga unaomeng'enywa, sukari ya damu yao hufuatiliwa kwa saa mbili, kisha kupanda kwake hulinganishwa na kule kunakoletwa na gramu 50 za glukosi tupu. Glukosi hupewa 100. Chakula chenye 55 au pungufu kiko chini, 56 hadi 69 ni cha wastani, 70 na zaidi kiko juu.

Katika jedwali la kimataifa la mwaka 2008, viazi mviringo vya kuchemsha vina 78, mkate mweupe 75, wali mweupe 73, viazi vitamu vya kuchemsha 63, ndizi mbivu 51, embe 51, tende 42, maziwa 39, adesi 32, dengu 28 na maharage mekundu 24. Hizi ni wastani. Aina ya mchele, muda wa kuchemsha na hata kuiva kwa ndizi huzisogeza. Mtu na mtu pia hutofautiana: mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israel, walifuatilia sukari ya watu 800 na kukuta chakula kilekile kinampandisha mmoja sana na mwingine kidogo.

Namba hii huwapotosha watu kwa njia mbili. Kwanza, haisemi umekula kiasi gani. Tikiti maji lina 76, lakini kipande cha gramu 120 kina wanga kama gramu 6 tu. Zidisha 76 kwa 6, gawa kwa 100, unapata mzigo wa glaisemia usiofika 5, ambao ni mdogo. Kikombe cha wali kina wanga takriban gramu 40, na mzigo wake unafika 29. Mzigo wa 20 na zaidi huhesabiwa kuwa mkubwa. Na hakuna mama ntilie anayepakua kikombe kimoja. Kwa hiyo mtu anayekataa tikiti kwa sababu ya GI huku akimaliza mlima wa wali anajisumbua bure.

Upotoshaji wa pili unahusu fruktosi, sukari iliyomo kwenye matunda na kwenye sukari ya mezani, na huo ndio unaoliumiza ini. Tutaufikia kwenye hatua ya kwanza.

Ini linapokea kwanza

Glukosi ikitoka kwenye utumbo haiendi moja kwa moja mwilini. Damu ya utumbo hukusanyika kwenye mshipa mmoja mkubwa unaoipeleka kwenye ini. Insulini kutoka kongosho hupita njia hiyohiyo, na ini hubaki na karibu nusu yake kabla iliyosalia haijaenda kwingine. Kwa hiyo kile unachokisoma kwenye kipimo cha kidole ni mabaki ya kazi ambayo ini limeshaifanya.

Ini likipata glukosi na insulini kwa pamoja hufanya mambo matatu. Linaacha kutengeneza sukari yake. Linajaza ghala lake la glaikojeni, yaani glukosi ya akiba, ambalo kwa mtu mzima hubeba takriban gramu 100. Ghala likijaa na wanga ukaendelea kumiminika, ziada hugeuzwa kuwa mafuta. Mafuta hayo mengine husafirishwa kwenye damu kama trigliseridi, mengine hubaki palepale ndani ya seli za ini.

Hapa pana jambo ambalo wauza mitishamba hawalisemi. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2005 kwa watu wenye ini la mafuta ulikuta kwamba asilimia 26 ya mafuta hayo yalitengenezwa na ini lenyewe, asilimia 15 yalitoka moja kwa moja kwenye chakula, na asilimia 59 yalitoka kwenye akiba ya mafuta ya mwili, yaani yaliyovuja kutoka kitambini na kwingineko yakarudi kwenye damu. Maana yake, kubadili aina ya wanga kunasaidia, ila kitambi kikibaki vilevile kazi inakuwa nusu.

Sasa lile swali la asubuhi. Usiku, ukiwa hujala, ini huachia glukosi kidogo kidogo ili ubongo usikose. Kwanza hutumia glaikojeni, kisha hutengeneza glukosi mpya kutokana na protini na mabaki mengine. Insulini ndiyo huliambia ini lipunguze. Ini lililojaa mafuta husikia amri hiyo kwa shida, likaendelea kumwaga sukari usiku kucha. Ndiyo maana kulala njaa hakushushi sukari ya asubuhi kama watu wanavyotegemea. Kinachoishusha kwa muda mrefu ni kupunguza mafuta ndani ya ini.

Njaa ya saa kumi

Chakula kinachopandisha sukari haraka huita insulini nyingi kwa mkupuo, na kwa baadhi ya watu sukari huteremka baadaye hadi chini ya pale ilipoanzia. Mwaka 2021 timu iliyoongozwa na watafiti wa King's College London ilichapisha matokeo ya watu 1,070 waliovaa vipimo vya sukari vya muda wote. Kilichotabiri njaa hakikuwa kilele cha sukari bali shimo linalofuata, saa mbili hadi tatu baada ya kula. Wenye mashimo makubwa walikula wastani wa kilokalori 312 zaidi kwa siku kuliko wenye mashimo madogo.

Kabla ya hapo, mwaka 1999, David Ludwig na wenzake wa Boston walikuwa wamewapa vijana 12 wa kiume wenye unene milo mitatu yenye nishati sawa kwa siku tofauti: uji wa shayiri (oats) wa papo kwa papo, uji wa shayiri hiyo iliyokatwa nzimanzima, na mayai yenye mboga pamoja na tunda. Baada ya ule wa papo kwa papo walikula mchana asilimia 53 zaidi kuliko baada ya shayiri nzima, na asilimia 81 zaidi kuliko baada ya mayai. Vijana 12 ni wachache, na mayai yana protini nyingi, kwa hiyo sifa yote isiende kwa GI. Hata hivyo shayiri ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni jinsi ilivyosagwa na kupikwa, na jambo hilo lina maana kubwa kwetu tunaoishi kwa unga.

Upande wa pili nao usikike. Mwaka 2014 jaribio la watu 163 Marekani, ambao walipewa mlo wenye mboga na matunda tele, halikuona faida ya kushusha GI kwenye kazi ya insulini. Ninavyouelewa mimi ushahidi wote kwa pamoja, GI inafaa kwa kupangia sahani iliyoharibika. Kwa sahani ambayo tayari ni nzuri, haiongezi mengi.

Hatua ya kwanza: toa sukari unayoinywa

Anza hapa hata kama huna nia ya kufanya kingine. Sukari ya mezani ni nusu glukosi, nusu fruktosi. Fruktosi peke yake ina GI ya 15 tu, ndiyo maana wafanyabiashara huitangaza kama "sukari salama kwa wagonjwa". Haipandishi kipimo cha kidole kwa sababu sehemu kubwa yake hushughulikiwa na ini, na huko hugeuzwa mafuta kwa urahisi kuliko glukosi, tena hupandisha asidi ya yuriki, ile inayoleta jongo. Kipimo kinaonyesha namba nzuri huku ini likibeba mzigo.

Soda nyingi zina sukari gramu 10 hadi 11 kwa kila mililita 100, hivyo chupa ya mililita 350 ina karibu gramu 37. Chai yenye vijiko vitatu, mara tatu kwa siku, inakufikisha hapohapo. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, yaani karibu gramu 25. Juisi ya miwa, na juisi ya embe iliyochujwa ikaongezwa sukari, ziko kundi moja na soda. Embe lenyewe likiliwa na nyama yake haliko kundi hilo.

Matokeo huja haraka kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2019 vijana 40 wa kiume wenye ini la mafuta walifuatiliwa kwa wiki 8. Walioondolewa sukari za kuongezwa walishuka kutoka asilimia 25 ya mafuta kwenye ini hadi 17. Walioendelea kama kawaida walitoka 21 hadi 20.

Kwenye chai punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea. Usihamie asali: GI yake ni 61 na fruktosi imo tele.

Hatua ya pili: pima wanga kwa ngumi yako

Ugali usizidi ngumi yako moja, au moja na nusu kama unalima au kubeba mizigo. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, sukuma wiki, bamia. Robo iwe samaki, dagaa, mayai, nyama au jamii ya kunde. Mnaokula kwenye sinia mna taabu ya pekee, kwa sababu hakuna anayeona amekula kiasi gani na mwenye mkono mwepesi humaliza upande wake na wa jirani. Weka alama ya upande wako mapema, na mboga isogezwe mbele yako kabla ya wali.

Hatua ya tatu: chagua umbo la nafaka kabla ya aina yake

Chukua mahindi. Yakikobolewa na kusagwa laini yanakuwa sembe, na kila chembe ya wanga iko wazi kwa vimeng'enya. Yakipikwa mazima na maharage yanakuwa makande, au githeri kwa Wakenya, na kila punje inabaki na ukuta wake ambao tumbo lazima lihangaike nao. Makande yana pia protini na nyuzinyuzi za maharage. Kama unataka badiliko moja tu la wiki hii, pika makande mara mbili badala ya ugali. Loweka usiku, mwaga maji, chemsha hadi punje ilainike lakini isipasuke, unga kwa kitunguu na karoti, na tui liwe jepesi.

Uji ndio tatizo lililojificha. Ni unga uleule ukiwa mwepesi, unateremka upesi, na mara nyingi umetiwa sukari. Uji wa ulezi una sifa nzuri kwa madini, ila jedwali la 2008 linaupa uji wa ulezi na mtama mdogo wastani wa 67, karibu kabisa na kundi la juu. Unywe bila sukari, na karanga au maziwa ya mgando pembeni.

Dona ni bora kuliko sembe kwa nyuzinyuzi na vitamini, ingawa likisagwa laini sana tofauti ya kupanda kwa sukari huwa ndogo. Lakini kuna hatari ambayo ni ya ini moja kwa moja. Sumukuvu, ile inayoitwa aflatoksini, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, sehemu ambazo kukoboa huziondoa. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo huko mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, yaliwaletea watu 317 ugonjwa na 125 wakafa. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka huchangia saratani ya ini. Kwa hiyo ukiamua kula dona, nunua mahindi makavu, yamwage kwenye ungo mwangani, toa punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zilizokunjamana na zenye ukungu, kisha ndipo upeleke mashineni. Karanga zilizooza usizikaange zikawa siagi. Kukaanga hakuiondoi sumu hii yote.

Hatua ya nne: kunde kila siku

Mbaazi, kunde, choroko, dengu, adesi, maharage, njugu mawe. Hakuna chakula chetu cha bei ya kawaida kinachofanya kazi nyingi kama hivi. Sukari hupanda polepole, na sehemu ya wanga wake hufika utumbo mpana ikiwa nzima, bakteria wakaichachua na kutoa asidi zinazochochea homoni za shibe, GLP-1 na PYY. Jenkins na wenzake waligundua pia kwamba aliyekula adesi asubuhi sukari yake hupanda kidogo hata kwa mlo wa mchana.

Mbaazi za nazi kwa mahamri ni kifungua kinywa cha Pwani ambacho kinahitaji kugeuzwa uwiano tu. Bakuli la mbaazi, hamri moja, na tui la pili badala ya tui zito. Watu wengi hula hamri nne na vijiko viwili vya mbaazi.

Hatua ya tano: mpangilio wa kula

Mwaka 2015 watafiti wa Weill Cornell, New York, waliwapa watu 11 wenye kisukari aina ya pili mlo uleule kwa mpangilio tofauti. Walipokula mboga na nyama kwanza, na wanga dakika 15 baadaye, sukari yao saa moja baada ya kula ilikuwa chini kwa karibu asilimia 37.

Ugali hauruhusu mpangilio huo, maana mboga na tonge huenda pamoja. Njia inayowezekana ni kuanza na bakuli la maharage yenye mchuzi au kachumbari yenye ndimu nyingi huku ugali ukiwa bado jikoni. Kwa wali ni rahisi zaidi: kula samaki na mchicha nusu, ndipo uguse wali.

Hatua ya sita: kiporo, kwa uangalifu

Wali au viazi vikipikwa vikapoa, sehemu ya wanga wake hujipanga upya na kuwa mgumu kumeng'enywa. Kupasha moto hakuirudishi yote ilivyokuwa. Faida ipo lakini ni ya kiasi, usitumie kiporo kama kibali cha sahani mbili. Jambo zito ni usalama. Wali ulioachwa kwenye sufuria usiku kucha, kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, huotesha bakteria ambao sumu yao haifi kwa kupashwa. Tandaza wali kwenye sinia upoe, uingize kwenye friji ndani ya saa moja au mbili, ule kesho yake. Nyumba isiyo na friji iruke hatua hii.

Hatua ya saba: tembea baada ya chakula cha usiku

Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Msuli unaofanya kazi huchukua glukosi bila kusubiri insulini nyingi. Na kama nyumbani kwenu chakula kizito huliwa saa tatu usiku, kisogezeni hadi saa moja jioni, kwa sababu mwili hushughulikia wanga vibaya zaidi kadiri usiku unavyosonga.

Mwezi wa Ramadhani

Kufikia magharibi, glaikojeni ya ini imepungua sana, na mtu hukutana na meza iliyojaa: tende, uji wenye sukari, mihogo ya nazi, viazi vitamu, kaimati zenye shira, juisi. Fungua kwa tende tatu na maji, sali, kisha rudi uanze na mbaazi, samaki au supu. Chagua kimoja kati ya muhogo, kiazi na ndizi, si vyote vitatu. Kaimati zikae kwa siku ya wageni. Daku iwe na kunde au mayai, maana daku la chai na mkate mweupe hukuachia njaa kabla ya adhuhuri.

Kujipima, na mwenye dawa

Vibanzi vya kupimia ni ghali, kwa hiyo usipime ovyo. Chagua mlo mmoja unaoula mara nyingi. Pima kabla, kisha saa mbili tangu tonge la kwanza. Siku nyingine ule uleule, ukiwa umebadili kitu kimoja tu, upime tena. Asiye na kisukari hutarajiwa kuwa chini ya 7.8 saa mbili baada ya kula. Mwenye kisukari kwa kawaida hulenga chini ya 10, na lengo lake hasa alipange na daktari wake.

Anayetumia insulini au glibenclamide akipunguza wanga ghafla huku dozi ikibaki ileile, sukari inaweza kuporomoka. Aende kliniki kwanza, dozi ipangwe upya. Jasho baridi, kutetemeka, kuchanganyikiwa au kipimo chini ya 3.9 si wakati wa kutafuta GI ya chini: koroga vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, anywe, pima tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza asinyweshwe, apelekwe hospitali.

Kwa mwenye ini la mafuta, kipimo cha kidole hakionyeshi maendeleo. Unahitaji ultrasound na vipimo vya damu vya ini. Omba pia kupimwa homa ya ini B na C, maana B ipo kwa wingi Afrika Mashariki na haitibiwi kwa makande. Sema ukweli kuhusu pombe. Kisha fuatilia uzito: kushuka asilimia 5 hupunguza mafuta kwenye ini, na asilimia 7 hadi 10 hutuliza na uvimbe wake. Kwa mtu wa kilo 90 hiyo ni kilo 4.5 za kuanzia, na kati ya 6.3 na 9 kama daktari ameona uvimbe.